Kisu cha Nani, Sufuria ya Nani? Mjadala wa Futari ya Majirani Rusizi

Tarehe 7 Aprili 2023 iliangukia Ijumaa. Kwa Mkatoliki wa Kamembe ilikuwa Ijumaa Kuu, siku ya mlo mmoja kamili usio na nyama. Kwa Mwislamu wa Bugarama ilikuwa Ijumaa ya Ramadhani, mwezi ukiwa umefika katikati. Na kwa Mnyarwanda yeyote, mwenye dini na asiye nayo, ilikuwa siku ya kuanza Kwibuka, kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, wiki ambayo harusi husubiri na muziki wa baa huzimwa. Jua la wilaya yetu ya Rusizi huzama upande wa Bukavu, Kongo, muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta saa hiyo haibadiliki sana mwaka mzima. Jioni ile majirani wa dini mbili wangeweza kukaa kwenye mkeka mmoja, wote wamejinyima tangu asubuhi, kila mmoja kwa amri yake. Lililobaki lilikuwa swali la jikoni: nani anakula kwa nani, na kinapikwa nini?

Nimelichukua swali hilo nikaliitia kikao. Wasemaji nimewabuni, ndiyo maana wana kazi na hawana majina. Hoja zao ni zile zinazosikika kokote Mwislamu na Mkristo wanapopakana ua, na matukio ya historia wanayoyataja yalitokea kweli. Kikao ni cha inteko y'abaturage, mkutano wa wakazi wa Jumanne alasiri. Nimeuchagua huo badala ya umuganda, kazi ya pamoja ya wakazi, kwa sababu umuganda hufanyika Jumamosi, na Wasabato huufanya Jumapili. Ningempoteza mzee mmoja ambaye mjadala huu unamhitaji. Ramadhani na Kwaresima zinakwenda pamoja, kama zilivyofuatana kwa siku chache mwaka 2025 na kuanza karibu siku moja mwaka 2026. Kiongozi wa umudugudu, yaani mtaa, ana pendekezo: mtaa mzima uandae futari moja, chini ya hema, kila nyumba ichange. Alitarajia makofi.

KIONGOZI: Nitasema kifupi, wapo waliofunga na jua ni kali. Sensa ya 2022 inasema Waislamu ni asilimia 2 ya Wanyarwanda. Ni wachache kwenye karatasi, lakini hapa kwetu huwezi kupita vichochoro viwili hujaitikia salamu yao. Tunachimba mtaro mmoja, tunazika pamoja, watoto wanakaa dawati moja. Kwa nini tusifuturu nao jioni moja, hadharani, sote? Hema lipo, viti vya harusi vipo.

HAJATI, muuza mchele: Muzee, Mungu akulipe kwa nia yako. Lakini aliyekuambia kwamba hatufuturu na majirani ni nani? Sahani zinatoka kwangu kila Ramadhani. Watoto wa huyu mama hapa wanajua saa ya sambusa kuliko wajukuu zangu. Hema la nini?

KIONGOZI: Hema ni la wale wasioletewa sahani, Hajati.

Hajati alinyamaza, na alikuwa na haki ya kunyamaza. Sahani huvuka ua kwa anayependwa au angalau anayezoeleka. Huwafikia wapangaji wa nyuma, mama mwenye mtoto mgonjwa, fundi aliyekuja kurekebisha mlango. Haimfikii mgeni aliyehamia juzi, wala yule aliyerudi kutoka gerezani ambaye watu humsalimia wakitazama pembeni. Hoja ya hema ina nguvu zaidi kuliko inavyoonekana mwanzoni, na ninakiri kwamba mimi, nisiyependa mahema, nilitamani mtu aijibu haraka. Aliyeijibu ni dada mmoja wa Kipentekoste, kwa njia ambayo sikuitegemea.

DADA WA KWAYA: Mimi nitachanga. Sukari, kuni, hata kuosha vyombo. Ila nisipigwe picha.

KIONGOZI: Picha ina ubaya gani, dada?

DADA WA KWAYA: Nikila kwa Hajati, nimekula kwa Hajati. Nikipigwa picha nimeshika tende chini ya bango, nimekuwa ushahidi. Kanisani wataniuliza nimeanza lini. Huko kwingine wataonyesha: tazameni, tunaishi vizuri, hata wanakwaya walikuja. Mimi si bango.

MOTARI, kijana Mwislamu wa pikipiki za abiria: Anasema kweli. Nimewapeleka watu kwenye futari za wakubwa. Adhana imeshasomwa, mgeni rasmi bado anasoma hotuba. Sambusa zinapoa, wasiofunga wanakula kwanza, wenye saumu wanasubiri shukrani zimalizike. Aliyefunga anakuwa wa mwisho kufungua!

Watu walicheka. Kwa wasiofunga nieleze: kuharakisha kufungua jua likishazama ni sunna, kwa hiyo hotuba inayochelewesha tende, hata kama ni hotuba ya upendo, inavunja adabu ya meza inayodai kuiheshimu. Desemba 2023, katika kikao cha Kasane, Botswana, UNESCO iliandikisha desturi za futari katika orodha ya urithi wa wanadamu usioshikika, kwa ombi la Azerbaijan, Iran, Uturuki na Uzbekistan. Kikao kilikaa Afrika na ombi halikuwa na nchi hata moja ya Kiafrika. Silalamiki. Sahani ya Hajati imeishi bila cheti, na pengine ndiyo sababu bado ina sambusa za moto.

Kiongozi alimgeukia mwalimu wa madrasa. Wengi walidhani Ustadhi ataunga mkono hema, maana ni dini yake inayopewa heshima.

USTADHI: Nianze na lisilo na ubishi. Kumfuturisha aliyefunga kuna thawabu kama ya mfungaji mwenyewe, na yake haipungui. Sasa watu huniuliza: jirani hakufunga, ni Mkristo, nikimlisha napata nini? Nawaambia habari ya Abdullahi bin Amri, sahaba wa Mtume. Nyumbani kwake palichinjwa mbuzi. Aliporudi, la kwanza kuuliza lilikuwa kama jirani yao Myahudi amepelekewa. Akalirudia. Hakuuliza kama Myahudi huyo amefunga.

MAMA SAMBAZA, Mkatoliki, muuza samaki wa Kamembe: Ustadhi, hayo ni mazuri sana. Mimi ni huyo Myahudi. Nimeletewa sahani nyingi, nimekula, nimeshiba, Mungu akuzidishie. Naomba kuuliza moja tu. Wewe umekula kwangu lini?

Hapa ndipo mjadala ulipoanza kweli. Kelele za hema ziliisha.

USTADHI: Mama, si dharau...

MAMA SAMBAZA: Sikusema dharau. Nimeuliza lini. Krismasi napika, hamji. Komunio ya mwanangu nilinunua soda kreti tatu kwa ajili yenu, mkaja, mkanywa soda mmesimama, mkaondoka kabla ya wali. Ubatizo vilevile. Kwako mimi navua viatu na kuketi. Kwangu wewe unasimama mlangoni.

Naomba niingie katikati yao, kwa sababu msimamo wangu uko hapa. Futari ikitoka upande mmoja miaka nenda miaka rudi bila kurudishwa, inageuka sadaka, na anayepokea sadaka hakai sawa na anayetoa. Nadhani jirani wa kweli ni yule ambaye unaweza kula kwake, na hili linawagusa Waislamu kuliko Wakristo, maana wao ndio wenye masharti ya jikoni. Ni rahisi kualika. Kualikwa ndiko kunakohitaji imani kwa mkono wa mwingine.

Kusimama mlangoni huko kuna historia. Katika Rwanda ya zamani watu walifungwa pamoja na pombe: mtungi wa urwagwa au ikigage, mirija kadhaa, wanaume wamezunguka, na mwenyeji anaonja kwanza ili wageni waone kwamba hakutia kitu. Posa, mapatano, shukrani ya kazi, vyote vilipita mtungini. Uislamu uliingia na wafanyabiashara na askari wa wakati wa Wajerumani, watu wa Kiswahili kutoka pwani na kutoka Tanganyika. Msikiti wa Al-Fatah wa Nyamirambo, Kigali, ni wa mwaka 1913. Mwislamu aliuacha mtungi, na pamoja na mtungi akakosa kikao kinachouzunguka. Kisha Wabelgiji wakamalizia: Waislamu wakawekwa katika makambi ya Waswahili pembeni ya miji, shule zikawa mikononi mwa misheni, na mtoto wa Kiislamu aliyetaka kusoma alijua bei yake. Watu waliotengwa hivyo hujifunza kualika kwao, kwa sababu kwao ndiko wanakokubaliwa. Kiswahili chenyewe, ambacho leo ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017 na ambacho bila yake soko la Kamembe halifunguki, kwa miaka mingi kilikuwa alama ya watu hao hao.

MZEE MSABATO: Ngoja niwaambie, sisi tunaijua hiyo. Mimi sinywi pombe, sili nguruwe. Ujana wangu nilisimama milango mingi kuliko Ustadhi. Watu wakidhani najidai. Ndiyo maana sahani ya Hajati mimi siiulizi maswali: haina nguruwe, haijapita karibu na chupa. Nakula kwake kwa amani kuliko kwa Wakristo wenzangu wengine.

MOTARI: Muzee, basi silimu tu, tumalize!

MZEE MSABATO: Kijana, Ijumaa jua likizama ninyi mnafungua saumu, sisi tunafungua Sabato. Dakika ileile. Nimezoea kulitazama jua hilo tangu kabla baba yako hajazaliwa.

Nilikuwa nimeisahau hiyo. Ile Ijumaa ya 7 Aprili 2023 ilikuwa na nyumba za aina ya tatu zilizolisubiri jua, mama akiwa amemaliza kupika mapema kwa sababu Sabato ikishaingia moto hauwashwi kwa mapishi mapya. Wasabato ni asilimia 12 ya Wanyarwanda kwa sensa ya 2022. Ukitaka kujua nani Rusizi anaelewa kusubiri machweo, usiwahesabu Waislamu peke yao.

USTADHI: Nimjibu Mama. Kuna mambo mawili, kisu na chungu. Kisu kwanza. Sura ya Al-Maida imehalalisha chakula cha waliopewa Kitabu. Aya hiyo wanazuoni wameizungushia masharti, na Imamu Shafi, ambaye ndiye imamu wa wengi wetu Afrika Mashariki, alikuwa mkali juu ya Mkristo gani anayehesabiwa hapo. Ndiyo maana wazee wetu walishika njia ya mkato: Mwislamu achinje, maneno yaishe. Bucha nyingi za ukanda huu zinakwenda hivyo, na Wakristo wananunua bila neno.

DADA WA KWAYA: Wananunua, lakini wapo wanaouliza. Kwetu kuna waliosoma Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, wanasema nyama iliyoombewa kwa jina la dini nyingine ni kikwazo. Mimi nasoma waraka huohuo na naona Paulo anasema nile bila kuulizauliza, ila nisimkwaze mwenye dhamiri dhaifu. Kwa hiyo nakula, nikiwa peke yangu. Akiwepo mwanafunzi wangu wa Jumapili, nasema nimeshiba.

HAJATI: Kumbe ndiyo maana siku ile ulikuwa umeshiba!

DADA WA KWAYA: Nisamehe, Hajati. Nilikuwa na njaa.

Mtu anayelichukulia suala la kisu kama ushamba akumbuke Geita. Februari 2013, huko Buseresere, Tanzania, ubishi wa nani ana haki ya kuchinja na kuuza kitoweo uliwaka hadi mchungaji akauawa. Hiyo ilikuwa nchi inayojisifu kwa majirani wa dini mbili wanaooana na kuzikana, na sifa hiyo inastahili. Desturi ya Mwislamu kuchinjia wote ilikuwa imedumu muda mrefu kwa sababu hakuna aliyeiuliza. Ilipoulizwa ilikutwa haina maandishi wala shukrani. Upande mmoja uliiona haki, mwingine ukaiona mzigo.

Mama Sambaza alikuwa amesikiliza haya yote mikono kiunoni.

MAMA SAMBAZA: Sasa niseme mimi niliye muuza samaki. Mnagombana juu ya kisu, na ziwa liko pale chini. Sambaza anachinjwa na nani?

USTADHI: Samaki hachinjwi. Maiti yake ni halali.

MAMA SAMBAZA: Muzee wa Sabato?

MZEE MSABATO: Ana mapezi na magamba. Walawi kumi na moja. Kambare sili, sambaza nakula.

MAMA SAMBAZA: Na mimi Ijumaa za Kwaresima sili nyama, ila samaki ruksa. Dada wa kwaya, sambaza ameombewa na nani?

DADA WA KWAYA: Na mvuvi, labda. Ili apate wengi.

MAMA SAMBAZA: Basi. Ninyi mmesoma, mimi nimepima kilo. Ni kitoweo gani kingine mnachokijua ambacho dini zote nne zinakipitisha bila mkutano?

Ningependa kudai hoja hii ni yangu, lakini inatoka ziwani. Na ziwa lenyewe halikuwa na samaki huyo zamani: sambaza alitolewa Tanganyika akapandwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu ziwa letu lilikuwa na samaki wachache mno wa kuwalisha watu. Kwa hiyo kitoweo kinachopitishwa na dini zote ni mhamiaji, mdogo kama kidole, anayevuliwa usiku kwa taa na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja. Wavuvi hutoka jua likizama. Mvuvi Mwislamu hufungulia humo humo ndani ya mtumbwi, kati ya wenzake wa dini nyingine wenye makasia mikononi, na hakuna aliyewahi kuiita hiyo futari ya maelewano.

MOTARI: Hoja nzuri, Mama, ila umesahau kitu. Sambaza wa kukaanga huliwa kwa bia ya Primus. Ukimtaja Kamembe, mtu anaona baa kabla ya kuona msikiti.

MAMA SAMBAZA: Kosa la sambaza liko wapi hapo?

HAJATI: Halafu mgeni wa futari umpe sambaza, si aibu? Mgeni anapikiwa nyama. Watu watasema mchele wa Bugarama umeniishia.

Hilo la Hajati msilicheke. Ukarimu una fahari yake, na futari iliyopangwa kwa kukwepa vikwazo vya watu wote inaweza kuwa na ladha ya kamati. Mwenyeji anataka kutoa kilicho bora kwake: pilau, nyama, tende zilizosafiri kutoka Ghuba. Kumwambia apike kisichomkera yeyote ni kumnyang'anya nusu ya furaha. Nadhani jibu la Mama Sambaza linafaa kama mlango wa kuingilia. Usiku wa kwanza wa kurudisha mwaliko, samaki. Lakini majirani waliokula samaki miaka kumi kwa kuogopana visu, sijui wamefika wapi.

Mpaka hapo hakuna aliyemtazama bibi aliyekaa mwisho wa benchi. Nampa jina la mahali, Bibi wa Mibilizi, parokia ya zamani ya mwaka 1903 katika vilima vya Rusizi.

BIBI WA MIBILIZI: Mnazungumza kisu. Mimi niongee?

KIONGOZI: Ongea, Nyogokuru.

BIBI WA MIBILIZI: Nimesikia watu wa redio na wageni wakisema Waislamu wa Rwanda hawakuua, kwa hiyo tule nao. Wapo Waislamu walioficha watu, nawajua, Mungu awaone. Lakini aliyeongoza wanamgambo wa Interahamwe wa Bugarama waliokuja Shangi na kwetu Mibilizi, mwisho wa Aprili, aliitwa Yusufu. Mahakama ya Arusha ilimhukumu miaka 25, rufaa ikampa maisha. Alikuwa mtu wa msikiti. Na waliokuja naye wengi walikuwa wa kanisa, na sisi tuliouawa tulikuwa ndani ya kanisa. Sasa mniambie nitakula na nani kwa sababu ya dini yake?

Anayemtaja ni Yussuf Munyakazi, na ukweli wake uko katika kumbukumbu za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda: mashambulizi ya parokia ya Shangi tarehe 29 Aprili 1994 na ya Mibilizi siku iliyofuata, hukumu ya 2010, na rufaa ya Septemba 2011 iliyoifanya adhabu kuwa kifungo cha maisha. Sifa ya Waislamu wa Rwanda kuhusu 1994 haikuzuka hewani. Wapo waliofunga milango ya misikiti na kusimama mbele yake, na baada ya vita wengi walisilimu kwa sababu ya waliyoyaona. Lakini ukiijenga meza ya futari juu ya sifa hiyo hapa Rusizi, umeijenga juu ya kitu ambacho bibi mmoja anaweza kukiondoa kwa sentensi tatu.

USTADHI: Bibi, sina la kukujibu. Mimi huwaambia wanafunzi wangu jina lile, ili wasijivune.

BIBI WA MIBILIZI: Sikuomba jibu. Nimeomba msiniite kwenye hema. Chini ya hema sichagui wa kukaa naye. Wamerudi wengine, wamemaliza vifungo vyao. Serikali imewasamehe au imewatoa, mimi sijui sheria. Kiongozi anataka nikae nao meza moja nile tende. Sitaki. Na sitaki niulizwe kwa nini sitaki.

KIONGOZI: Lakini Nyogokuru, usipokaa nao kamwe...

BIBI WA MIBILIZI: Sikusema kamwe. Nimesema hema.

Kisha akaeleza kitu ambacho, nadhani, ndicho kinachoifanya futari iwe tofauti na karamu nyingine katika nchi hii. Baada ya 1994 hakula nje ya nyumba yake kwa muda mrefu. Hofu ya kulishwa sumu, uburozi, ilikuwepo hata kabla, ndiyo maana mwenyeji wa mtungi huonja kwanza. Baada ya yale, ilikuwa kila mahali.

BIBI WA MIBILIZI: Nyumba ya kwanza niliyokula ilikuwa ya Hajati. Si kwa kuwa alinibembeleza. Niliingia kuleta deni la mchele, jua likazama, nikawakuta. Mtu aliyefunga hakuhudumii kwanza akukodolee macho. Ana njaa. Alichukua tende kwenye bakuli, akala, akanisogezea bakuli lilelile. Akachota uji kwenye sufuria ileile. Sikuwa na cha kuogopa. Alikuwa ameshakula mbele yangu kwa haraka kuliko mimi.

HAJATI: Nilikuwa na njaa ya wallahi siku ile.

Hii ndiyo sehemu ambayo hema haliwezi kuiiga, kwa sababu kwenye hema chakula hutoka jikoni usikokuona, kimefunikwa, kikiletwa na vijana wa kuhudumia. Kiongozi naye hakushindwa kabisa. Aliyerudi kutoka gerezani bado hana sahani, na Bibi hana wajibu wa kumpelekea. Nani anao? Ustadhi alisema ni yeye na msikiti wake, kimya kimya, mlangoni kwa yule mtu, bila kumwalika penye watu. Wengine hawakuridhika, na mimi sikuridhika sana, ila sikusikia bora zaidi.

Mazungumzo yaliteremka hadi mpakani, kama yanavyoteremka yote huku. Hajati alikuwa na wageni wa kila mwaka kutoka upande wa Burundi. Januari 2024 Burundi ikafunga mpaka, miezi miwili kabla ya Ramadhani, na kituo cha mpaka cha Ruhwa hakikuwapitisha. Mwaka uliofuata, Februari 2025, Bukavu ikaangukia mikononi mwa waasi wa M23, na Mama Sambaza, ambaye wateja wake wako ng'ambo ya mpaka wa Rusizi ya Kwanza, akaingia Kwaresima akiwa hajui kesho daraja litakuwaje. Wote wawili walikula kwa wasiwasi msimu ule, na sahani zilipungua ukubwa. Zilivuka ua vilevile.

KIONGOZI: Basi nifunge. Hema liko au haliko?

MOTARI: Mzee, hema walipe wanaooa.

MAMA SAMBAZA: Bado sijajibiwa. Ustadhi alisema mambo mawili. Kisu tumemaliza. Chungu je?

USTADHI: Mama, kisu nitakuja nacho. Jogoo nitamchinja mwenyewe kwako, asubuhi. Shida ni sufuria.

MAMA SAMBAZA: Sufuria yangu umeiona wapi ikipika akabenzi, nyama ya nguruwe?

USTADHI: Sikusema wewe.

MAMA SAMBAZA: Umefikiri.

USTADHI: Nimefikiri. Kwa madhehebu yetu chombo kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo.

HAJATI: Msihangaike. Nitaleta sufuria yangu na mafuta yangu, tutapika pale kwako.

MAMA SAMBAZA: Hapana, Hajati. Mkileta kisu, mkaleta sufuria, mkaleta mafuta, kwangu kunabaki nini cha kuwaalika? Ukuta? Udongo ninao. Nitaiosha mara saba, mara nane kama mnataka, na wewe Hajati uje uone kwa macho yako. Lakini sufuria ni yangu, mafuta ni yangu, na mpishi ni mimi.

USTADHI: Na soda?

MAMA SAMBAZA: Soda safari hii utainywa umeketi. Jumatatu ya Pasaka, saa saba mchana. Usije na chakula.